Rasimu ya Tatu

Kwa Baba Askofu, Mkunazini.
Hapo nimeandika vizuri, hapo hakuna aliyepinga.

Kisha Anselmi akasema, tuombe padri wa nusu.
Nikamuuliza nusu ipi, ya juu au ya chini?
Wajumbe wakacheka, wote wanne.
Tukafuta. Tukaweka "padri wa muda".
Bi Damari akagoma: wa muda ni yule anayeondoka,
na hao tumeshawasindikiza Mkoani hadi njia imetuzoea.
Basi: "padri wa siku tatu kwa wiki".
Hesabu haina ubishi.

Mshahara: tulichonacho.
Nimefuta, nimeandika kiasi chenyewe,
nikakiona kimepungua kwenye karatasi
kuliko kilivyokuwa mkobani.
Nikaongeza: na nyumba, vyumba viwili,
bati jipya upande wa kibla.
Umeme upo. (Nimefuta "mara nyingi".)

Waumini ishirini na watatu.
Msimu wa karafuu, tisa,
wengine wako juu ya mikarafuu na pishi zao,
kwani karafuu haingoji Amina,
ukichelewa imeshakuwa mpeta.
Uwanja wa kanisa tunawaazima majirani waanikie.
Padri awe mtu wa kuweza kuhubiri
na majamvi yamefika hadi kizingitini.

Awe anajua baiskeli.
Asigombane na kinanda: kina sauti tatu zilizokufa,
tunaziruka kama watu wanaoruka dimbwi.

Ufunguo anao Bwana Faki wa duka la mkabala.
Akitoka kuswali alfajiri anatufungulia madirisha,
kanisa lipate hewa kabla yetu.
Je, hili niliandike?
Nimeliandika.

Anselmi anataka tueleze sababu.
Miaka minne tumeishi hivi hivi, kwa nini leo?

Sababu ni Kalebi.
Meli haikuja siku ile, padri amekwama Malindi,
na maiti haina subira ya bandarini.
Nikashika kitabu mimi, katibu, mshona nguo,
miwani nimeisahau juu ya cherehani.
Upepo ukafunua kurasa unavyotaka,
nami nikasoma kwa sauti kubwa, pale kaburini:
"Mtajeni mtoto huyu jina lake."

Ubatizo. Nilikuwa nimeingia kwenye ubatizo.
Kabla sijageuza ukurasa,
Roda, mkewe, magoti kwenye udongo mbichi,
akajibu: "Kalebi."
Waziwazi, kama aliyekuwa akingoja aulizwe.

Hakuna aliyecheka.
Bwana Faki, aliyekuja na jembe lake,
aliliegemea, akatazama chini.
Nikamalizia kwa yale niliyoyajua kwa moyo,
nayo hayakuwa mengi.

Hili siwezi kumwandikia Askofu.
Nimeandika: "kwa sababu za kichungaji".

Bi Time amekuja kuchukua gauni la mwanawe,
akaiona bahasha mezani.
"Barua gani hiyo, unaitazama kama deni?"
Ya posa, nikamwambia. Tunaposa padri wa siku tatu.
Akaipindua huku na huku.
"Posa haiendi mikono mitupu, Agneta.
Nyinyi hamjafunzwa?"
Akafungua fundo la pindo la kanga,
akatoa noti ya elfu mbili
iliyokunjwa hadi ikafanana na punje ya mahindi.

Nimeikunjua, nimeipiga pasi,
nimeitia ndani ya bahasha.
Sijui huko Mkunazini watalielewaje jambo hili.
Chini ya saini yangu nimeongeza mstari mmoja,
huu hakuna mjumbe aliyeusoma:

Fedha hiyo ni ya jirani. Msiirudishe.